Vipande Viwili vya Sukari

Vipande viwili vya sukari vilitumbukia kwenye glasi, kimoja, halafu kingine, na baa nzima ikaguna kama watu walioona mbwa akipanda madhabahuni.

Odilon hakujali. Alichukua mchi mdogo wa chuma pale kaunta, ule wa zamani ambao hakuna anayeugusa tena isipokuwa yeye, akaanza kuponda. Tik, tik, tik. Bia ya pipa namba tisa, bia ya miaka mitatu, bia ambayo shangazi yangu alikuwa ameitangaza dakika moja iliyopita mbele ya watu kumi na tisa waliotoka kanisani na koti zao nzuri, sasa inakorogwa sukari kama chai ya mgonjwa.

"Mungu wangu," akasema Gust, mfuga njiwa. "Anaiua, na mama mwenyewe anaangalia."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na kwa wanaonijua hilo peke yake lingetosha kuwashtua. Sikucheka kwa sababu nilijua, na Odilon alijua, kwamba iliyokuwa ndani ya ile glasi haikuwa tisa.

Lakini nianze na vigae.

Novemba ya mwaka uliotangulia, upepo ulivua vigae sitini vya paa la ghala letu la mapipa. Sisi hatupiki bia. Tunainunua ikiwa bado changa, maji ya shayiri na ngano yaliyoachwa wazi yaingiwe na hewa ya bonde letu la Zenne, tunaitia kwenye mapipa, tunangoja. Mwaka, miwili, mitatu. Inakuwa chachu, haina povu, inaitwa lambik, na mgeni akiionja mara ya kwanza hufumba jicho moja. Halafu mtu mmoja mwenye pua anachukua changa ya pipa hili na kuukuu ya pipa lile, anazichanganya, zinafungiwa chupani zigombane humo mpaka zitoe povu zenyewe. Hiyo ndiyo geuze. Kazi yote ni hiyo pua. Mengine ni kuosha chupa.

Kwetu pua ilikuwa ya Shangazi Godelieve, dada ya baba yangu. Baba alipofariki nilikuwa na miaka tisa. Shangazi akanichukua, akanipa chumba juu ya baa, nikakua nikinusa mapipa kupitia mbao za sakafu. Hakuwa na mtoto. Mume wake alikwisha kufa. Kwa hiyo sikuwahi kujiuliza ufunguo wa ghala, ule wa chuma uliokuwa ukining'inia kwenye aproni yake, utakwenda kwa nani. Mtu haulizi kama kivuli chake ni chake.

Nilikwenda hata Leuven kusomea mambo ya kuchachusha. Miaka mitatu. Niliandika kurasa themanini na moja juu ya vijidudu wa mapipa ya shangazi, zikabaki kama arobaini za kuandika. Profesa wangu alikuwa na chachu aliyemlea maabara miaka kumi na miwili, akafa wakati wa likizo. Mimi nikachapisha tangazo la msiba, lenye fremu nyeusi na msalaba kama matangazo yetu yote, "ametutoka baada ya kuugua kwa muda mfupi, maua yasiletwe," nikalibandika kwenye mlango wa ofisi yake. Hawakunifukuza. Niliacha kwenda tu. Nilimletea shangazi zile kurasa. Akazisoma mbili, akanishukuru, akaziweka chini ya mguu mfupi wa kabati la glasi. Kabati liliacha kuyumba. Nilisimulia jambo hilo pale baa kwa miaka, na kila mara watu walicheka, na mimi nikawapita wote.

Sasa, vigae. Shangazi aliamini kwamba chachu wetu wanaishi kwenye vumbi la paa. Hakuna aliyeruhusiwa kufagia kule, na buibui wa ghalani waliishi kama mapadri: wananenepa na hakuna anayewauliza kitu. Mafundi wawili walikuja kabla ya Odilon. Wote walitaka kuweka paa jipya. Odilon alipanda ngazi, akakaa juu nusu saa bila kugusa kitu, akashuka na chaki sikioni.

"Nitavipa namba, bibi," akasema. "Kila kimoja kirudi kilipokuwa."

Akafanya hivyo. Vigae sitini, namba sitini. Utando wa buibui uliokuwa njiani aliusogeza kwa kidole kama mtu anayefungua pazia la mtoto aliyelala. Shangazi alisimama chini, mikono ndani ya aproni, akimtazama kwa uso fulani. Ule uso nilikuwa nautafuta tangu nina miaka tisa.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mnene wa mabega, mpole kama ng'ombe wa maziwa, na bia alikuwa anakunywa vibaya. Nasema vibaya kwa sababu nyumba yetu ilikuwa na sheria. Glasi inaoshwa kwa maji tu. Geuze haisimamishwi: chupa inatoka ghalani imelala, mstari wake wa chokaa ukiwa juu vile vile, inaingia kwenye kikapu imelala, na ukishaiinamisha kumimina huirudishi, unapita glasi hadi glasi mpaka mashapo yafike shingoni. Mezani kuna mkate, jibini laini na figili. Na sukari ni ya kahawa. Nilipokuwa na miaka kumi na sita niliomba kipande kimoja niweke kwenye lambik yangu. Shangazi alinichapa kwa kitambaa cha glasi.

Odilon aliomba sukari siku ya kwanza. Bia ilikuwa chachu sana kwake, akasema, ila babu yake alikuwa akiiponda sukari ndani, naye alijifunza kwa babu. Nikageuka nimwone shangazi akimchapa. Shangazi akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na bakuli, na ule mchi mdogo, akaufuta kwanza kwa aproni.

Hapo ndipo wivu wangu ulipozaliwa. Kwenye bakuli la sukari. Sina aibu kusema.

Baada ya Krismasi mambo yakaharibika. Shangazi aliugua mafua mabaya wiki mbili, akapona, na tangu hapo Odilon akawa haishi kuja. Paa lilikuwa limekwisha, yeye anakuja. Anabeba kreti, anakaza pete za mapipa. Alianza na "bibi", akafika "Bibi Godelieve", kufikia Machi ilikuwa "mama". Nilihesabu. Jumapili moja nilihesabu "mama" kumi na moja, na yeye akajibiwa "mwanangu" mara tatu. Mimi siku hiyo niliitwa "wewe Tist" mara mbili, moja ikiwa juu ya ngazi iliyolowa.

Na walikuwa wanaonja pamoja. Hapo ndipo nilipokuwa nakufa. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango wa ghala, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, mgongo umepinda. Odilon alichomoa kijiti cha pipa, bia ikachirizika kwenye glasi, akaionja yeye kwanza. Yeye. Kwanza. Mimi katika miaka kumi na minane sikuwahi kuonja kabla ya shangazi. Halafu akampa glasi, shangazi akanusa, akanywa, na Odilon akamgusa mkono wa sweta, akivuta kidogo. Mara moja au mara mbili. Shangazi akasema, "Saba bado mtoto," au "Mbili yuko vizuri." Mapipa yetu alikuwa akiyaita kama watu. Odilon akaitikia kwa kichwa kila neno.

Mnafiki, nikajisemea. Anavuta sweta kama mbuzi, na mwanamke huyu mwenye akili zake haoni.

Nilijaribu kujirudisha. Februari nilimwambia, "Shangazi, kumi na nne anaumwa." Na kweli lilikuwa pipa lililoharibika, linanuka dawa ile ya kutolea rangi ya kucha, ukichomoa kijiti macho yanachoma. Ningeweza kumweleza sababu zake kwa kurasa tano.

"Najua," akasema, haraka mno, akatoka.

Nilijaribu pia kwa njia yangu ninayoijua. Siku moja aliunguza supu. Moshi ulifika ghorofani na yeye amesimama pale pale jikoni anamenya viazi. Jioni hiyo niliazima kofia ya zimamoto ya jirani, nikahudumia baa nzima nimeivaa. "Mnakula au mnaokolewa?" nikawauliza. "Leo shangazi ametupikia mkaa, na kesho ni majivu na mchuzi wake." Gust alicheka mpaka akapaliwa. Shangazi pia alicheka. Nilimwona akicheka nyuma ya kaunta, amekunja kitambaa mara nne, mara nane. Odilon alikuwa ameangalia meza.

Januari shangazi alikuwa ametangaza kwamba mwaka huo, Jumapili ya Kuchagua, atamsimamisha wa pili. Hiyo ni siku yetu ya kila Aprili. Wateja wanatoka misa wanakuja baa, mapipa yaliyochaguliwa yanaletwa glasi moja moja. Shangazi anaonja, anasema neno lake. Glasi inakwenda kwa wa pili, naye anasema lake. Kisha inazunguka mikononi mwa watu wote hadi iishe. Tangu mume wake afe nafasi ya wa pili ilikuwa wazi, na kila mtu kijijini alijua kwamba anayesimama pale ndiye mwenye ufunguo kesho.

Alhamisi kabla ya hiyo Jumapili, nikiwa mlangoni mwa ghala, nikamsikia shangazi akisema, "Tisa yuko tayari. Ngozi, tufaha, nyasi kavu." Odilon akasema, "Ndiyo, mama." Halafu shangazi akanikuta nje ya mlango, nikijifanya natafuta ufagio katika ghala ambalo halifagiwi.

"Tist," akasema. "Jumapili wewe utachota."

"Na wa pili?"

"Odilon."

Nikasema sawa. Nikaenda nikaosha chupa mia mbili.

Niwaambie nilichopanga, maana watu husema mizaha yangu haina mpango. Nilipanga kuleta mbili, kisha saba, kama ilivyotakiwa. Kisha, badala ya tisa, nilete kumi na nne. Kwa macho hazina tofauti, rangi ile ile ya asali kuukuu. Shangazi atainusa, atajua kabla glasi haijafika kidevuni. Na hapo ndipo utamu wenyewe ulipokuwa: hatasema. Kwa sababu mimi na yeye tulikuwa na historia. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili alikuja bwana mmoja wa Brussels, mjuaji, anazungusha glasi kama anatafuta stesheni ya redio. Shangazi akanikonyeza, nikamletea maji ya mtungi wa vitunguu vya siki. Yule bwana akasema ina "heshima ya zamani". Shangazi hakucheka hata kidogo, akamwongezea. Alipoondoka tulikaa sakafuni nyuma ya kaunta tukilia kwa kicheko, ameniegemea begani.

Ndicho nilichotaka. Ainuse, anitazame, anikonyeze, ampe Odilon glasi kwa uso mkavu. Odilon aitikie kwa kichwa kama kawaida yake, aseme "ndiyo, mama", na watu wote wainuse wajue fundi wa vigae ni fundi wa vigae. Nilitaka anichague mimi. Hata kwa dakika moja. Ufunguo angempa tu, sawa, lakini ile dakika iwe yangu.

Mbili ilipita vizuri. Saba ilipita vizuri. Nikarudi na glasi ya tatu, nimeishika mbali na pua yangu, nikamwekea shangazi mbele. "Tisa," nikasema.

Akaiinua. Akanusa, kwa muda mrefu, macho yamefungwa, kama alivyofanya maisha yake yote. Nikangoja jicho.

Akanywa.

"Tisa," akasema kwa sauti ya kanisani. "Yuko tayari. Ngozi, tufaha, nyasi kavu."

Mwanzoni nilidhani anaigiza. Nilifurahi hata, nilisema moyoni, ona mwanamke huyu, ameimeza bila kukunja uso. Nikangoja anitazame. Hakunitazama. Macho yake yalishuka taratibu, yakapita meza, yakaenda kutafuta mkono wa Odilon, mkono uliokuwa umekaa tu gotini, haukuvuta kitu, kwa sababu mbele za watu yeye ni wa pili na bado hajaonja.

Nikaelewa yote kwa mpigo mmoja, sweta, "najua" ya haraka, supu. Maneno yale matatu yalikuwa ya Alhamisi. Alikuwa ameyakariri.

Odilon akapokea glasi. Niliona matundu ya pua yake yakifunguka na kufungwa. Hakumtazama shangazi. Alinitazama mimi, na sikuona hasira, ningependa kuiona. Alinitazama kama anavyotazama paa, anakadiria kilichovunjika ni kingi kiasi gani.

"Haya, fundi, sema neno utupe," akasema Gust, mkono ameshaunyoosha. "Watu tuna kiu."

Glasi ilikuwa inakwenda kwa Gust. Gust anajua lambik kuliko anavyojua watoto wake. Baada ya Gust watu kumi na wanane, kila mmoja na pua yake. Na shangazi amekaa katikati yao, mgongo umenyooka, ametoka kusema ngozi, tufaha, nyasi kavu.

"Tisa," akasema Odilon. "Kweli." Akavuta bakuli la sukari.

Tik, tik, tik.

"We, we, we," Gust akarudisha mkono kama aliyeguswa na moto. "Sasa hiyo nani atakunywa?"

"Mimi," akasema Odilon.

"Umeileta sukari kwenye glasi ya Kuchagua? Rudi juu ya paa, bwana. Godelieve, huyu ndiye umemtafuta?"

"Tumbo langu, Gust," akasema Odilon. "Mimi ni mtu wa vigae." Akainua glasi akainywa yote, taratibu, mpaka chini, mpaka mashapo ya sukari, akaiweka. Macho yalikuwa yamemlowa. Watu wakapiga meza kwa kicheko. Shangazi akacheka pia, akiwa amechelewa kidogo tu.

"Tist," Odilon akaniita, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Nimewaharibia wenzangu. Wachotee tisa nyingine. Jagi zima."

Ghalani nilichomoa kijiti cha tisa, bia ikanilowesha kiatu. Nilinusa. Ngozi. Tufaha. Nyasi kavu, ile inayokatwa Juni na kusahauliwa juani. Nilikaa pale na jagi mpaka likamwagika.

Watu waliinywa ile tisa, wakarudisha glasi zijazwe tena. Gust akamwinamia shangazi kichwa. "Pua ni pua," akasema. Wakaendelea kumtania Odilon hadi saa ya chakula.

Nilimkuta nyuma, kwenye mpea, ameegemea shina, rangi ya uso wake kama jibini.

"Ilikuwa mbaya?" nikauliza. Swali la kijinga.

"Nimewahi kulamba gundi ya paa kwa bahati mbaya," akasema. "Ilikuwa na afadhali."

"Angalia, mimi sikujua. Kama ningejua..."

"Hukujua." Akatema mate kwenye majani. "Nenda ndani, mama yupo peke yake na glasi zote hizo."

Shangazi alikuwa anaosha. Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta. Nilifuta glasi nane.

"Odilon hatii sukari wakati wa kuonja," akasema hatimaye. "Ilikuwa pipa gani?"

"Kumi na nne."

Akaendelea kuzungusha kidole ndani ya glasi, chini ya maji.

"Inanuka?"

"Sana, shangazi."

"Tangu Krismasi sisikii harufu hata ya kahawa," akasema. "Nimeamka kitandani na mafua yamekwisha, nimeshuka hapa, nimefungua ghala, hakuna kitu. Kama kuingia kanisani ukute wamehamisha kila kitu. Yeye aliona siku hiyo hiyo. Nilimpa maziwa yaliyoharibika bila kujua, akanywa, akasema asante, kesho yake akaja akakaa karibu yangu."

"Kwa nini hukuniambia mimi?" Nilisikia sauti yangu imekuwa ya mtoto. "Mimi nimesoma haya. Mimi ni wa damu yako. Ningekuwa pua yako, shangazi, ningekuvuta sweta mpaka ichakae."

Akaipindua glasi maji yatoke, akanikabidhi.

"Ulivaa kofia ya zimamoto, Tist," akasema.

Basi. Nikaifuta ile glasi. Sidhani kuna glasi iliyowahi kufutwa vile katika bonde lote.

Ufunguo ulikwenda kwa Odilon vuli hiyo hiyo. Kumi na nne tulilimwaga mtaroni, mimi na yeye, na bata wa jirani hawakulikaribia. Nilibaki. Watu waliuliza kwa nini sirudi Leuven, au siendi Brussels, mtu mwenye mdomo kama wangu. Nilisema napenda kuosha chupa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepata hadithi ya kuchekesha kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, mwanamke asiye na pua anatangaza pipa bovu, fundi anaitia sukari bia yake, na nilitaka kukaa karibu nayo nihakikishe sijaisimulia. Kuna jioni ilinifika kwenye meno. Gust anasema, "Tist, tuchekeshe," watu wamekaa vizuri, moto unawaka, na ile hadithi inanipanda kooni kama kwikwi. Nilisimulia ya profesa na tangazo la msiba. Walishaisikia mara mia.

Wivu haukuisha. Wanaosema wivu huisha hawakuwahi kuwa nao wa kutosha. Ulihama tu. Sikumwonea tena wivu wa ufunguo, wala wa pua, wala wa "mwanangu". Nilimwonea wivu wa ile dakika, mkono wake ulivyokwenda kwenye bakuli bila kufikiri. Mimi ningefikiri. Ningefikiri kitu cha kuchekesha cha kusema, na Gust angekuwa ameshakunywa.

Shangazi aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Kila Aprili alinusa glasi mbele za watu, macho yamefungwa, akasema maneno yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujua. Wa pili alikuwa akionja ghalani mapema, na kufikia miaka ya mwisho, goti la Odilon lilipokataa ngazi za ghalani, mara nyingine aliyekuwa anavuta ile sweta ni mimi. Mara moja bado. Mara mbili tayari.

Tulimzika Jumanne ya mvua. Baada ya makaburini tulikaa baa, mikate na kahawa, halafu, kahawa ilipoisha, majagi. Gust alikuwa mzee sana, njiwa wake ameshawagawa, akili bado inakata. Akagonga meza.

"Mnakumbuka," akasema, "mwaka ule huyu fundi alivyomtilia Godelieve sukari kwenye tisa? Mbele yake? Mwenyewe amekaa pale kama malkia?"

Wakakumbuka. Chumba kizima kikacheka, kicheko kizuri cha msibani, na wale wadogo wasiokuwepo wakasimuliwa upya, na Gust akaigiza mchi, tik, tik, tik, na uso wa Odilon akimeza. Odilon alicheka pamoja nao. Kisha akanitazama upande wa pili wa meza, mara moja tu. Shangazi hayupo tena. Hakuna ambaye ile hadithi ingemuumiza. Na mimi nilikuwa ni mimi.

Nilimjazia glasi. Nikasogeza bakuli la sukari mpaka mkononi mwake.

"Viwili?" nikamuuliza.

"Kimoja," akasema Odilon. "Leo ni tisa kweli."